Mkuki kwa Nguruwe: Je, Ilikuwa Halali Kutumia Bomu la Atomiki Kumaliza Vita?



Kuna mada ya mdahalo ambayo haichoki kurudi katika shule zetu: "Ilikuwa halali kutumia bomu la atomiki kumaliza Vita Kuu ya Pili ya Dunia." Mada hiyo inaweza pia kukujia kama insha ya hoja katika mtihani wa Kiswahili, kwa maneno hayo au yanayofanana nayo. Wanafunzi wengi hukimbilia upande wa kutetea kwa sababu wanadhani daftari la Historia limekwisha kuwafanyia kazi. Daftari hilo, ukilitafsiri kwa Kiswahili, linasema: mwaka 1945 Marekani ilidondosha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki, na Japani ikasalimu amri.

Sentensi hiyo haina kosa la tarehe wala la jina. Tazama, hata hivyo, kile kiungo kidogo "na" kinachounganisha mabomu na kusalimu amri. Kimebeba madai mawili mazito bila kuyataja. La kwanza ni kwamba bomu ndilo lililomaliza vita. La pili ni kwamba, kwa kuwa lilimaliza vita, basi lilikuwa halali.

Nataka tuyapime madai yote mawili. Nakueleza msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Dai la kwanza lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Dai la pili nalikataa kabisa, na naona Mtanzania ana sababu yake mwenyewe ya kulikataa. Sababu hiyo hatuiagizi Japani wala Marekani. Iko katika historia yetu, Umatumbi na Ungoni.

Yaliyotokea

Kabla ya kutoa hoja, hakikisha una mambo yenyewe mkononi. Jumatatu Agosti 6, 1945, saa 2:15 asubuhi kwa saa za Japani, ndege ya Marekani ilidondosha bomu la urani juu ya mji wa Hiroshima. Nguvu yake ililingana na takribani tani 15,000 za baruti. Siku tatu baadaye, Agosti 9, bomu la pili lililotengenezwa kwa plutoni lilidondoshwa Nagasaki. Shabaha ya kwanza siku hiyo haikuwa Nagasaki, bali mji wa Kokura. Ndege ilifika Kokura ikakuta mji umefunikwa na mawingu na moshi, ikageuza njia. Watu wa mji mmoja wakapona na wa mji mwingine wakafa kwa sababu ya hali ya anga.

Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na wapatao 70,000 Nagasaki. Baadhi walikufa papo hapo kwa moto na mshindo. Wengine walikufa siku na wiki zilizofuata kwa majeraha na kwa ugonjwa wa mionzi, ambao madaktari wa pale hawakuwa wamewahi kuuona. Madaktari wenyewe hawakubaki wengi, kwani zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa Hiroshima waliuawa au kujeruhiwa.

Ili upate picha, chukua mji wa Singida. Simama katikati yake, kisha hesabu kilometa moja na nusu kila upande. Ndani ya duara hilo, karibu kila jengo linasambaratika: nyumba, maduka, soko, shule, misikiti na makanisa. Nje ya duara moto unaendelea kusambaa. Wenye majeraha ya moto wanakimbilia maji ya ziwa Singidani na Kindai, kama watu wa Hiroshima walivyokimbilia mito ya mji wao.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe kwa umri wako. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi wa Hiroshima, wengi wao wa miaka 12 hadi 14, hawakuwa darasani. Serikali yao ilikuwa imewapeleka kubomoa nyumba katikati ya mji ili kuacha nafasi tupu za kuzuia moto endapo mji ungeshambuliwa. Walikuwa wazi, chini ya anga, bomu lilipolipuka. Maelfu yao hawakurudi nyumbani.

Agosti 15 Mfalme Hirohito alitangaza redioni kwamba Japani imekubali masharti ya mataifa yaliyoungana. Mkataba wa kusalimu amri ulitiwa saini Septemba 2, 1945.

Upande wa kutetea: usiudharau

Mtahiniwa dhaifu hupinga hoja isiyokuwepo. Mtahiniwa hodari huichukua hoja ya mpinzani ikiwa na nguvu zake zote, kisha akaijibu. Tuisikilize basi.

Watetezi husema hivi. Kati ya Aprili na Juni 1945, Marekani ilipigania kisiwa kimoja tu, Okinawa. Zaidi ya askari wake 12,000 walikufa. Wajapani na wenyeji wa kisiwa waliokufa walizidi 100,000. Ikiwa kisiwa kimoja kiligharimu roho zote hizo, kuivamia nchi yenyewe kungegharimu ngapi? Uvamizi wa kisiwa cha Kyushu ulikuwa umekwisha kupangwa kuanza Novemba mwaka huo. Katika China, iliyokuwa vitani na Japani tangu 1937, na katika nchi nyingine za Asia zilizokaliwa na jeshi la Japani, raia walikuwa wakifa kila mwezi kwa njaa, kazi za shokoa na mauaji. Kila wiki ambayo vita viliendelea ilikuwa na makaburi yake.

Hoja hii inatugusa hata sisi. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walitumikia jeshi la Mwingereza katika vita vile. Wapo waliopelekwa Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, wakipigana na Wajapani, matope na malaria kwa wakati mmoja. Mfikirie askari mmoja wa Keya aliyetoka Iramba au Manyoni, Agosti 1945. Ameacha mke na mifugo. Hajui kama atapelekwa mapigano mengine au la. Kisha anasikia kwamba Mjapani amesalimu amri. Ukimwendea askari huyo na kumwambia kwamba namna vita vilivyomalizika ina kasoro, angekuangalia kwa mshangao. Furaha yake ilikuwa ya haki, na hakuna insha itakayoifuta.

Kwa hiyo anayetetea bomu si lazima awe mtu katili. Mara nyingi ni mtu aliyehesabu waliokufa na wale ambao wangekufa, akachagua idadi iliyo ndogo. Swali letu ni kama hesabu hiyo ni sahihi, na kama hesabu peke yake inatosha.

Je, bomu ndilo lililomaliza vita?

Tuanze na usahihi wa hesabu. Yapo mambo manne ambayo sentensi ya daftari lako imeyaacha nje.

Kwanza, Umoja wa Kisovieti. Agosti 8, 1945, siku mbili baada ya Hiroshima, Wasovieti waliitangazia Japani vita, na Agosti 9 majeshi yao yakaingia Manchuria. Hadi siku hiyo viongozi wa Japani walikuwa na tumaini kwamba Moscow ingewasaidia kupata mapatano yenye nafuu. Tumaini hilo lilikufa siku moja na Nagasaki. Ukiuliza ni pigo lipi kati ya hayo lililowatikisa zaidi, wanahistoria hawajakubaliana hadi leo.

Pili, Japani ilikuwa imechoka kabla ya Agosti. Meli zake nyingi zilikuwa zimezamishwa, na chakula na mafuta havikuingia kama zamani. Miji yake ilikuwa ikichomwa kwa mabomu ya kawaida ya moto. Usiku mmoja wa Machi 9 kuamkia 10, watu wanaokadiriwa kufikia 100,000 walikufa Tokyo. Tume ya Marekani yenyewe, iliyochunguza matokeo ya mashambulizi ya anga, ilitoa maoni mwaka 1946 kwamba Japani ingesalimu amri kabla ya mwisho wa 1945 hata bila bomu la atomiki, bila Wasovieti kuingia vitani na bila uvamizi. Wapo wanaoipinga tume hiyo, lakini huwezi kuandika kana kwamba haikuwahi kusema.

Tatu, ile hesabu ya watu milioni moja. Utaikuta katika vitabu vingi: eti bomu liliokoa Wamarekani milioni moja. Aliyeieneza sana ni Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, katika makala ya mwaka 1947, baada ya watu kuanza kuhoji uamuzi ule. Tena yeye alizungumzia waliouawa na waliojeruhiwa kwa pamoja. Makadirio ya wapangaji wa jeshi kabla ya bomu yalitofautiana sana, na mengi yalikuwa chini ya hapo. Ukiona namba kubwa imeonekana baada ya tendo kufanyika, uliza imekuja kufanya kazi gani.

Nne, na kwangu hili ndilo zito kuliko mengine, ni mlango. Julai 26, 1945, katika Azimio la Potsdam, Japani iliambiwa isalimu amri bila masharti. Azimio halikusema lolote kuhusu mfalme wao, ambaye kwa Wajapani wa wakati ule alikuwa mtukufu kupita kiasi. Agosti 10, baada ya mabomu, Japani ilijibu kwamba inakubali, ila mfalme abaki. Marekani na wenzake wakajibu kwamba mfalme atakuwa chini ya amri ya mkuu wa majeshi yao. Mfalme akabaki, na alifariki akiwa bado katika kiti chake mwaka 1989. Maana yake ni kwamba jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa mwezi Julai lilizungumzwa Agosti, na katikati yake miji miwili ilikuwa imeteketea. Siwezi kukuthibitishia kwamba kufungua mlango ule mapema kungemaliza vita. Ninaloweza kukuambia ni kwamba haukufunguliwa kwanza.

Hivyo, katika insha yako usiandike kwamba bomu lilimaliza vita, ukaweka nukta. Andika kwamba lilichangia kuviharakisha kwisha, pamoja na kuingia kwa Wasovieti, kuzingirwa kwa Japani baharini na suala la mfalme. Hapo utakuwa umesema kweli.

Kanuni iliyojificha

Sasa nitawapa watetezi kila wanachokitaka. Tuchukulie kwamba bomu, na bomu peke yake, ndilo lililomaliza vita. Je, hapo inakuwa halali?

Ukiondoa majina ya miji na ya nchi, hoja ya watetezi inabaki kuwa kanuni moja: ni halali kuwaua kwa makusudi watu wasiopigana, ikiwa kufanya hivyo kutawalazimisha wanaopigana kusalimu amri mapema. Njia nzuri ya kupima kanuni ni kuitazama pale ilipotumika dhidi yako.

Ilitumika. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, vikaenea kusini kote hadi Ungoni. Mwanzoni wapiganaji waliyakabili majeshi ya Wajerumani ana kwa ana na kuuawa kwa bunduki za mzinga. Baadaye wakabadili mbinu, wakaanza kuvizia na kutawanyika. Wajerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, nao wakabadili mbinu. Maofisa wao waliona kwamba risasi peke yake haitoshi, na kwamba njaa ndiyo itakayowaleta watu kusalimu amri. Wakachoma vijiji. Wakachoma mashamba na maghala. Wakachukua mifugo na kuzuia watu kulima.

Njaa ilifanya kazi iliyotumwa kufanya. Kufikia mwaka 1907 vita vilikuwa vimekwisha. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Makadirio ya wanahistoria wa baadaye yanafika kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa si wapiganaji bali wanawake, watoto na wazee waliokufa kwa njaa na maradhi. Sehemu kubwa ya ardhi ilibaki bila watu, msitu na wanyama wakaichukua, na baadaye eneo kubwa likawa ndani ya Pori la Akiba la Selous.

Jiulize sasa kama unavyojiuliza kuhusu Hiroshima. Je, njaa ilimaliza Vita vya Maji Maji? Ndiyo, tena kwa uwazi zaidi kuliko bomu lilivyomaliza vita vya Japani. Je, ilipunguza idadi ya askari ambao wangekufa? Kwa upande wa Wajerumani, bila shaka. Je, ilikuwa halali? Sijawahi kukutana na mwanafunzi wa Kitanzania aliyejibu ndiyo. Kila mwaka, Februari 27, watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Hakuna anayesimama pale kuwashukuru waliochoma maghala kwa kufupisha vita.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukiikubali kanuni ile kwa Hiroshima, huna namna ya kuikataa kwa Ungoni. Kanuni haijui kuchagua wenyewe.

Jibu la mpinzani, na jibu la jibu

Mpinzani makini atasimama hapa na kusema: mwalimu, unalinganisha vitu visivyolingana. Wamatumbi na Wangoni walikuwa wakitetea nchi yao. Japani ndiyo iliyovamia wengine na kuua mamilioni. Hilo ni kweli, nawe usilikwepe.

Jibu lake ni kwamba sheria za vita hutenganisha maswali mawili. La kwanza: nani ana haki ya kupigana? La pili: aliye na haki anaruhusiwa kufanya nini? Jibu zuri kwa swali la kwanza halijibu la pili. Mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akibeba vigae barabarani Hiroshima hakuivamia China. Makosa ya serikali yake hayakumfanya awe askari.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na haki ya kupigana. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua, yakapora na kuchoma. Tanzania ilijibu, na haki ilikuwa upande wetu. Vita vile havikuwa visafi. Miji ya Masaka na Mbarara iliharibiwa vibaya, na raia waliumia. Lakini angalia uamuzi mmoja wa mwisho. Aprili 1979, majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda yalipoikaribia Kampala, Mwalimu Nyerere aliagiza barabara ya mashariki iendayo Jinja iachwe wazi. Mjini kulikuwa na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin. Wangefungiwa njia zote wangepigana hadi mwisho, na raia wa Kampala wangekuwa katikati yao. Wengi wakatumia barabara ile kuondoka. Kampala ikakombolewa Aprili 11, 1979.

Ona basi kwamba kumaliza vita mapema kuna njia zaidi ya moja. Unaweza kumzidishia adui kifo mpaka akate tamaa. Unaweza pia kumwachia mlango wa kutokea. Njia ya pili si laini wala haina hatari, lakini haihitaji kuteketeza mji.

Kwa nini swali hili ni lako

Usidhani tunazungumzia mambo ya mbali. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakati Kongo ikitawaliwa na Wabelgiji. Waafrika waliichimba na kuibeba bila kuambiwa inakwenda kufanya nini. Hapa mkoani kwetu, tafiti za madini zimeonyesha urani Manyoni, na kwa majirani zetu Bahi, mkoani Dodoma. Kule Namtumbo, katika mkoa wa Ruvuma, kuna hazina kubwa zaidi. Namtumbo ni Ungoni, nchi ile ile iliyochomwa mwaka 1906.

Urani si laana. Elimu ya nyuklia huzalisha umeme, na mionzi hutibu wagonjwa wa saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini nchi yenye madini hayo haiwezi kusema kwamba mjadala wa bomu ni wa wakubwa tu. Tanzania haikusema hivyo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa Argentina, India, Mexico, Sweden na Ugiriki kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe mashindano yao. Waafrika walikuwa na sababu ya kusema, kwani Ufaransa ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la majaribio katika Sahara, Februari 1960. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilikubaliana, kwa Mkataba wa Pelindaba, kwamba bara hili lisiwe na silaha hizo, na mkataba ulianza kutumika mwaka 2009. Septemba 2019 Tanzania ilitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa unaopiga marufuku silaha za nyuklia.

Hata hivyo mjadala haujafungwa. Julai 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba kutumia silaha hizo kwa ujumla kunakwenda kinyume na sheria za vita, lakini ikashindwa kutoa kauli ya mwisho kwa hali ambapo uhai wenyewe wa taifa uko hatarini. Leo nchi tisa zina silaha hizo, jumla yake takribani 12,000. Bomu la Hiroshima, kwa vipimo vya leo, ni dogo. Ukimsikia kiongozi yeyote akisema kwamba silaha "ndogo" ya nyuklia inaweza kumaliza vita haraka, ujue anarudia hoja ya 1945, na wewe sasa unajua ndani yake kuna nini.

Ukikutana na swali hili katika mtihani

Katika utangulizi, fafanua mada na utaje msimamo wako kwa sentensi moja. Katika kiini, toa hoja kuu ya upande usiokuwa wako kwa haki, kisha hoja zako tatu au nne, kila moja katika aya yake na ikiwa na mfano wenye mahali na mwaka. Tenganisha swali la "je, lilifanya kazi?" na swali la "je, lilikuwa halali?", maana wengi huyachanganya na insha zao hupotea hapo. Katika hitimisho, usiongeze hoja mpya.

Huna lazima ya kukubaliana nami. Ukiamua kutetea, tetea, lakini useme wazi kanuni yako ni ipi, na uikubali hata pale inapowaangukia watu wa kwenu. Ukishindwa kufanya hivyo, rudi uiangalie upya.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu, mbali na mabomu ya atomiki, yaliyochangia Japani kusalimu amri Agosti 1945.
2. Eleza tofauti kati ya haki ya kupigana na yale yanayoruhusiwa katika kupigana. Tumia mfano wa Vita vya Kagera.
3. Linganisha mbinu ya njaa katika Vita vya Maji Maji na mashambulizi ya Hiroshima. Yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi?
4. Andika insha ya hoja kuhusu kauli hii: "Nchi yenye urani ina wajibu wa kujua urani yake inakwenda kufanya nini."